Anaomba hela ya fomu ya ufadhili

SWALI: Shikamoo Bibi. Nauza samaki Deep Sea, Tanga. Binti yangu yuko kidato cha tano shule ya serikali, anasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Baba yake marehemu. Kijana mmoja anasema atampatia ufadhili wa ada, nitume kwanza 30,000 za fomu. Nitume?
Mama wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitume hata senti. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa 2022, sasa huyo anafadhili nini? Najua kinachouma ni godoro na nauli ya likizo. Hayo kazungumze na mkuu wa shule.

Macho yawe chuo kikuu. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali, huchukua waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita. Akiikosa, kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na huko wengi hukwamia kwenye karatasi. Cheti chake cha kuzaliwa na cha kifo cha baba lazima vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Tazama majina: cheti kikisema Mwanahamisi na shule ikaandika Mwanamisi, utasumbuka! Kama mko TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, tunza namba ya kaya kwa ajili ya ombi la mkopo. Anza likizo hii, usingoje matokeo.