Tumkumbukeje Mangi Meli nyumbani?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi niko Moshi mjini, wanangu Mandela wanamjua vizuri tu ila ukiwauliza Mangi Meli, yule chifu wa Wachaga wa Old Moshi, ni nani wanatumbua macho. Tarehe 2 Machi nataka tumkumbuke kifamilia lakini mume wangu anasema pombe ya mbege na jani la isale ni mambo ya mizimu, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza wapandishe Old Moshi, pale Tsuduni Wajerumani walipomnyonga Meli na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900, mti wanaouonyesha wazee upo na sanamu yake ipo, mtoto akisimama pale wala huna haja ya kuhubiri sana. Waambie na ile ya 1892, watu wake waliwapiga Wajerumani vitani, hiyo watu wanairuka wanakimbilia kitanzi tu, inaniudhi kweli. Halafu kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani, ukoo umekitafuta miaka na miaka, yani ni msiba ambao tanga halijaanuliwa mpaka leo.

Baba watoto mwambie isale ni jani la kuombea msamaha, wakristo kibao Uchagani wanalo shambani kwao. Mbege akiikataa kabisa basi iacheni, pikeni ndizi za machalari, mtafuteni mzee wa ukoo asimulie, akichanganya Kichaga na Kiswahili msimkatize. Ila mvua ikiwahi njia ya huko juu inateleza balaa, msiende na ndala.