Wakatoliki wa Marekani walikuwa upande wa nani mwaka 1776?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makoloni ya Uingereza kule Amerika, Wakatoliki walishukiwa kwamba utii wao ulikuwa kwa Papa kwanza. Vita vya uhuru vilipozuka, walisimama upande gani? Msomaji wako, Morogoro.

JIBU: Ndugu Msomaji, hawakusimama upande mmoja, na kilichowagawa ni sheria za mahali walipoishi kuliko neno lolote kutoka Roma.

Tuanze na Maryland, koloni la ukoo wa Kikatoliki wa Lord Baltimore, ambako kufikia karne ya 18 misa ilisomwa majumbani tu na, tangu mwaka 1718, Wakatoliki hawakuruhusiwa kupiga kura. Charles Carroll, tajiri mwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa, alikuwa chini ya sheria hiyo hiyo. Mwaka 1773 alijibizana gazetini na mwanasheria Daniel Dulany, akijiita “Raia wa Kwanza”, akipinga ada za maofisa ambazo gavana alizipanga bila idhini ya bunge. Dulany, hoja zilipombana, alimkumbusha kwamba mtu wa dini yake hana hata kura. Lakini wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kumkubali Carroll, na mwaka 1776 akatia saini Azimio la Uhuru, Mkatoliki pekee kati ya watu 56.

Quebec, koloni la Kanada ambalo Uingereza ililichukua kutoka kwa Wafaransa, mambo yalikuwa kinyume, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1774 iliwaachia Wakatoliki ibada yao, na mapadri wakaruhusiwa kukusanya zaka. Oktoba ya mwaka huo Kongresi ya makoloni iliwaandikia Waingereza ikiilaumu dini hiyo kwa mauaji na uasi, kisha, siku chache tu baadaye, ikawaandikia watu wa Quebec barua ya kirafiki! Barua zote mbili zilifika Quebec. Kwa hiyo Benjamin Franklin, mjumbe wa Kongresi, alipokwenda Montreal, mji wa Quebec, mwaka 1776 pamoja na Carroll na jamaa yake, Padri John Carroll, kuwashawishi watu wa huko wajiunge na makoloni, Askofu Briand wa Quebec alikwisha kuwaonya waumini wasiwaunge mkono waasi, na ujumbe ule ukarudi mikono mitupu.

Hata uhuru ulipopatikana, shaka ile haikuisha. Francis Cooper alipochaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la New York mwaka 1806, alidaiwa kiapo cha kukana mamlaka yoyote ya kigeni hata katika mambo ya kanisa. Alikataa kuapa, waumini wenzake wakapeleka ombi bungeni, na sharti hilo likafutwa mwaka huo huo.