Cadenza ya Waitaliano ni nini hasa?
Umeuliza kama neno la Kiitaliano cadenza ni mdundo au lafudhi. Ni vyote, inategemea umelikuta wapi. Mtu akiambiwa ana cadenza napoletana, inazungumziwa lafudhi: ule mpando na mshuko wa sauti unaomtambulisha mtu wa Napoli hata akiongea Kiitaliano sanifu. Kwa askari wanaopiga kwata, ni mwendo wa hatua. Na gazeti la "a cadenza mensile" hutoka kila mwezi, hapo hakuna muziki wowote! Asili yake ni Kilatini cadere, kuanguka.

Kwenye muziki ndiko watu wanakochanganyikiwa, maana kuna mbili. Ya kwanza ni namna sauti zinavyofuatana kufunga kifungu cha wimbo. Ya pili ni pale okestra inaponyamaza, mpiga piano au fidla akabaki peke yake kuonyesha ufundi wake, zamani mara nyingi kwa kubuni papo hapo. Mtunzi Beethoven hakutaka mchezo huo: kwenye konsheto yake ya tano ya piano, yaani kazi ya piano na okestra (1809), aliandika, kwa Kiitaliano, kwamba hapa cadenza isipigwe, mpigaji aendelee moja kwa moja.