Barua iliyo foleni haijatumwa

SWALI: Natengeneza tovuti kwa mfumo wa Laravel. Mtu akijisajili, barua pepe ya uthibitisho haiondoki papo hapo, huwekwa kwanza kwenye foleni. Msajiliwa huandikiwa: "Ujumbe umetumika kwa mafanikio." Mwenzangu anashikilia kwamba ni "umetumwa kwa mafanikio". Halafu kwenye ukurasa wa msimamizi tumeandika "Jumbe 300 ziko foleni", naye anataka "kwenye foleni". Nani yuko sahihi?

JIBU: La foleni ni jepesi, tulimalize. Neno lenyewe tulilidaka kutoka kwenye amri ya gwaride ya Kiingereza, ile ya kuwaita askari wajipange, na sasa ni letu kabisa: tunapanga foleni, tunakaa foleni, tunaruka foleni. "Ziko foleni" na "ziko kwenye foleni" zote sawa. Chukua fupi.

Kwenye "umetumika" mwenzako kakushinda. Ujumbe uliotumika ni kama kiberiti kilichotumika, hauna kazi tena. Tuma ni kitenzi cha Kibantu chenye ukoo mpana (mtume, mtumwa, mtumishi, matumizi), na ukikosea mnyambuliko unajikuta umeingia nyumba ya watu. Wapo hata wanaoniandikia "tumekutuma barua pepe". Mmenituma wapi, na nauli iko wapi? Semeni "tumekutumia".

Lakini mwenzako asianze kushangilia. Hilo "kwa mafanikio" lake limenikosesha usingizi kwa miaka. Nikibadili nywila, imebadilishwa kwa mafanikio. Nikipakia picha, imepakiwa kwa mafanikio. Nikitoka kwenye akaunti, nimetoka kwa mafanikio, kana kwamba kulikuwa na walinzi mlangoni na mbwa nyuma yao. Nani kati yetu aliwahi kurudi nyumbani akasema "nimekula kwa mafanikio"? Umewahi kuambiwa mtoto amelala kwa mafanikio? (Wazazi wa vichanga nawasamehe, wao wana haki.) Mafanikio ni neno lenye jasho. Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa saa kumi akaamka, hapo sawa, yametajwa mahali pake. Barua pepe haikupasuliwa. Kiingereza ndicho kinachopenda kubandika kielezi hicho kwenye kila ujumbe wa kompyuta, nasi tukakinakili pamoja na vumbi lake. Kiswahili kina -me-. "Imetumwa" maana yake kazi imekwisha na matokeo yapo. Isipokwisha, tunasema "haijatumwa". Ikigoma, "imeshindikana". Mafanikio yanakuja kuongeza nini hapo?

Tena kwenu nyinyi hilo ni kosa juu ya uongo. Mmesema wenyewe barua inawekwa foleni. Kama foleni yenu inakaa kwenye hifadhidata, kilichotokea mtu alipobofya ni kwamba mstari mmoja umeandikwa kwenye jedwali la jobs, basi. Atakayeuchomoa na kuupeleka kwa seva ya barua ni programu nyingine, ile mnayoiwasha kwa amri ya queue:work. Siku mkisahau kuiwasha, barua zitajipanga hapo hadi jedwali liote ukungu, huku kila msajiliwa akisoma "umetumwa kwa mafanikio" na kufukua folda ya taka akitafuta kitu ambacho hakijatoka mlangoni kwenu. Nyingine zitajaribiwa, zikishindikana zihamishiwe kwenye jedwali la failed_jobs. Hizo nazo zilishatangaziwa mafanikio. Mngekuwa mnatumia sync, ambako barua hutumwa hapo hapo na ukurasa unasubiri, "imetumwa" ingekuwa na utetezi; ingawa hata hapo seva ya barua ikijibu 250, yaani "sawa", imekubali kuipokea tu, haijaapa kwamba itafika.

Kwa hiyo msajiliwa mwandikieni: "Utapokea barua pepe hivi punde." Hajali habari za foleni yenu. Msimamizi ndiye anayehitaji kujua, naye mpeni maneno manne: "iko foleni", "inatumwa", "imetumwa", "imeshindikana". Yote mafupi, na kila moja linasema kweli kwa wakati wake, mradi msiliweke la tatu mahali pa la kwanza.

Nimebakiza "jumbe". Zamani nilikuwa napigana nazo. Ujumbe kwangu ulikuwa mmoja hata ukiwa elfu, na jumbe alikuwa mkubwa wa kijiji, mtu wa heshima zake. Kila nikisoma "jumbe 300 ziko foleni" nawaona wazee 300 wamesimama na bakora zao, wamenuna, wakisubiri programu iwaite mmoja mmoja. Lakini vijana wameshinda, magazeti yameshawafuata, nami nimechoka. Andikeni jumbe. Ila wazee hao msiwaache wamesimama usiku kucha; washeni hiyo queue:work.