Kabati la mama lina nini

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma kwanza nikiwa kwenye foleni ya dawa, kisha nikausoma tena nyumbani nikiwa na miwani. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni kama yule bwana wa Nairobi, uliyemwonyesha picha za sebule yangu, aje achukue cherehani na karabai, maana ametaja pesa nyingi. La pili ndilo lililonikalisha chini: "Mama, kwani wewe huwa unaona nini kwenye vitu hivi?" Ukasema huulizi kwa dharau. Najua, baba. Kwa simu ningeharakisha, kwa hiyo naandika.

Nikuondolee kwanza dhana ambayo hata majirani wanayo. Wanadhani kabati lile ni la kumbukumbu, kwamba kila kilichomo kilikuwa cha nyanya yako au cha marehemu babako. Sivyo. Karibu vyote nilivinunua kwa watu nisiowajua, vingi pale soko la Kibuye siku za Jumapili, pale wanapotandaza turubai chini na kumwaga vitasa visivyo na funguo, vifuniko vya sufuria na saa zilizokufa. Sijui vilikuwa vya nani. Kwa hiyo si machozi yanayonifanya nivitunze.

Ninachotafuta ni mahali fundi alipokwama. Kila kitu kilichotengenezwa kwa akili kina mahali ambapo kazi ilikataa, mtu akaweka chombo chini, akafikiri. Alipopata njia, alama ya ile njia ilibaki hapo hapo kwenye kitu. Ukikigeuza ukaiona, unakuwa umekutana naye, hata kama alikufa kabla hujazaliwa. Mimi hilo hunifurahisha kuliko sherehe. Wakati mwingine nacheka peke yangu pale sokoni, na muuzaji akiniona nacheka anapandisha bei.

Chukua ile koroboi ya balbu, iliyo rafu ya pili. Nilitoa shilingi themanini. Mtu alikuwa na balbu iliyoungua. Akatoboa kitako chake, akavuta nje nyaya na vioo vya ndani bila kuvunja tumbo, akatia mafuta ya taa na utambi wa pamba uliopita kwenye kibomba cha bati. Hadi hapo wengi wangefika. Lakini balbu ni mviringo, haisimami! Hapo ndipo alipokwama. Akakata kopo la mafuta ya kupikia, akalizungusha likawa pete yenye miguu mitatu, balbu ikakaa ndani kama yai kwenye kata. Halafu, na hili ndilo lililonifanya niinunue, kingo zote za bati amezikunja kwa ndani mara mbili ili zisimkate atakayeishika gizani. Alimfikiria mtoto atakayetumwa kuichukua jikoni usiku. Ile balbu stima iliishinda, naye akaipa kazi ya kumulika nyumba isiyo na stima.

Nawe unajua kwa nini miguu ni mitatu. Ukiweka kitu cha miguu minne kwenye sakafu ya udongo, mguu mmoja utaning'inia. Mitatu hukaa popote. Ndiyo maana vigoda vya wazee wetu vina miguu mitatu, na mafiga ni matatu.

Pasi ya makaa yenye jogoo uliichezea mwenyewe, ukamwita askari. Kazi ya yule jogoo ni kufunga kifuniko. Ukimsukuma kando, pasi inafunguka, unatia makaa. Kiwandani wangeweza kuweka kipande cha chuma tu na pasi ingenyoosha nguo vilevile. Lakini kifuniko huwa cha moto na kinahitaji kitu kirefu kidogo cha kusukuma kwa kijiti au kitambaa, basi mtu akaona kirefu hicho kinaweza kuwa shingo na mkia. Nguo yako ya kwanza ya shule ilinyooshwa na pasi ya jogoo kama huyo, ya jirani, na bado nakumbuka nikipepea kwenye matundu ya ubavuni ili makaa yawake, majivu yakitishia shati jeupe.

Sasa karabai. Hapa nivumilie, maana ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani.

Ulikuwa na miaka mitano tulipolala kwa shangazi yako karibu na Dunga. Usiku haukuwa na mwezi. Ukatazama ziwani ukaona taa zimejipanga mbali sana, ukaniuliza ule ni mji gani. Walikuwa wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Omena hufuata mwanga, ndiyo maana huvuliwa usiku wa giza, na wakati ule mwanga wenyewe ulikuwa karabai zinazoelea juu ya maji. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola, ni nyepesi na hazina gharama ya mafuta, wala siwalaumu. Lakini ndiyo sababu karabai zikaanza kuonekana kwenye turubai za Kibuye, zimepauka, vioo vimepasuka.

Yangu ina jina Petromax kwenye tangi. Jina hilo ni mafuta na mtu: petroleum, na Max, yaani Max Graetz wa Berlin, ambako taa hizo zilitengenezwa. Fundi alikwama wapi? Mafuta ya taa yakiwa ya maji hutoa mwali wa njano na masizi, kama koroboi. Ili yatoe mwanga mweupe, lazima yageuke mvuke kwanza, na ili yageuke mvuke yanahitaji moto. Moto utatoka wapi kabla taa haijawaka? Basi wakapitisha kibomba cha mafuta karibu na mwali wenyewe. Ukipampu, hewa inasukuma mafuta juu, yanapita kwenye joto, yanakuwa mvuke, yanashuka kuwaka, na kuwaka kwake kunapasha yanayofuata. Moto unajipikia chakula chake. Ni kile kijiko kidogo tu cha spiriti mwanzoni, cha kupasha kibomba, ambacho mtu anapaswa kuuazima.

Halafu kuna kile kifuko cha kitambaa kinachofungwa mdomoni mwa taa. Wazo lake lilitoka kwa Carl Auer von Welsbach wa Austria, miaka ya 1880. Kitambaa kinaloweshwa kwenye chumvi za madini. Ukikiwasha mara ya kwanza, uzi wote unaungua, unabaki mfuko wa majivu wenye umbo lile lile la kitambaa, na ni majivu hayo yanayotoa mwanga mweupe kila usiku. Ukiyagusa kwa kidole yanaanguka. Fikiria mvuvi akipiga makasia kwenye mawimbi, na riziki yake ya usiku ule inategemea majivu yaliyosimama yenyewe ndani ya chupa. Nilipoielewa hiyo nilikaa kitandani muda mrefu, sikuzima hata taa.

Ile ndururu yenye tundu niliyoitundika kwa uzi mwekundu, uliyotaka kuijua bei yake, haina bei kubwa. Zilitengenezwa nyingi. Ishike uisome. Ni ya 1936 na imeandikwa jina la Edward wa Nane. Huyo alikuwa mfalme wa Uingereza tangu Januari mwaka huo, na ilipofika Desemba akaacha ufalme kabla hata ya kutawazwa. Kule kwao hakuna sarafu yake iliyowahi kutolewa kwa watu kutumia, maana picha ya kichwa chake ilikuwa bado inatayarishwa. Huku kwetu sarafu za senti tano na senti kumi wakati ule zilikuwa na tundu katikati, kichwa kisingeweza kukaa hapo, basi ziliwekwa taji na jina tu. Kwa hiyo zikatoka mapema. Kwao hakununuliwa kitu kwa sarafu yenye jina lake, lakini sokoni huku watu walinunua chumvi kwa jina hilo na kulifunga kwenye pindo la leso. Upande wa pili utaona pembe mbili za ndovu zimepinda kulizunguka tundu. Mchoraji alipewa duara lenye shimo katikati, akatafuta kitu kinachojipinda chenyewe. Huoni alivyofurahi alipopata pembe?

Si kila kitu nilichonunua kilikuwa cha kweli. Kile kigoda cheusi usichokiona tena niliuziwa kama cha mzee wa miaka mia. Nilikifuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka na rangi ya viatu. Nilipokigeuza, nyayo za miguu zilikuwa na kingo kali kama za jana. Kigoda kilichokaliwa kweli huchakaa chini, na huchakaa zaidi upande mmoja, kwa sababu mtu hukaa akiegemea upande wake. Mpini hung'aa pale kiganja kinaposhika, si mwili mzima. Tangu siku hiyo naanza kutazama miguu, kabla ya kusikiliza habari za mzee.

Sasa cherehani, na huyo bwana wako.

Muulize kwa nini anataka Singer ya zamani kwa pesa hizo. Akianza kunong'ona habari za zebaki nyekundu, ile dawa ya kubuni inayosemwa kuwa na thamani kubwa, kata simu. Mwaka 2009 kule Saudia ulizuka uvumi kwamba cherehani za Singer zina zebaki hiyo ndani ya sindano, watu wakawa wanazipima kwa kusogeza simu ya mkono karibu na sindano kuona kama mtandao utakatika, na bei zikapanda kwa maelfu ya riyali. Polisi wakasema ni uongo mtupu, na ni uongo. Anayenunua kwa sababu hiyo ama amedanganywa, naye ataivunja kutafuta kisichokuwamo, ama ni yeye anayedanganya, na atakachofuata ni kukuomba utume kwanza pesa za usafiri. Usitume hata shilingi.

Cherehani yenyewe si adimu. Namba yake imepigwa kwenye chuma, upande wa kulia, na herufi ya mbele ndiyo inayoeleza ilikotoka: Clydebank, Uskoti, kiwanda kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Zilitoka kwa mamilioni. Ila itazame pale juu ya rangi nyeusi, yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, wa dhahabu. Upande wa kushoto amebaki mzima. Upande wa kulia amefutika mgongo wote, kwa sababu hapo ndipo fundi aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akiegemeza kiganja kila anapogeuza kitambaa. Simjui, lakini kiganja chake nakijua ukubwa. Chako hakitatosha hapo, nimeshapima na changu. Na kile chombo cha uzi wa chini, kilicho kama mtumbwi mdogo wenye ncha, bado kinakwenda na kurudi ukizungusha mkono. Mwezi uliopita nimeshonea mapazia.

Kwa hiyo jibu ni hapana kwa cherehani, na hapana kwa karabai. Kama ni pesa unatafuta, niambie waziwazi tuongee, usizungukie kabatini. Ile redio ya mbao na zile saa mbili unaweza kuuza. Nilizinunua kwa tamaa, na kila nikizigeuza sioni kitu.

Unakumbuka ulipokuwa chuoni Njoro, tukapita Hyrax Hill, kile kilima cha makumbusho pale Nakuru? Ulichoka na jua ukataka turudi stendi. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mwamba, natia vidole kwenye vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye jiwe lenyewe. Mwamba haubebeki. Yule aliyechonga alikubali kwamba kila anayetaka kucheza naye atapanda hadi hapo. Ulinipiga picha ukacheka, nami nikashindwa kukueleza. Nadhani leo nimekueleza.

Ukija Desemba, pitia kwa wale wauzaji wa vyuma na taa za zamani mjini Nairobi, uulize vifuko vya karabai. Vya huku nimevikosa. Chukua viwili, cha pili ni cha akiba, na chupa ndogo ya spiriti. Pampu nimeishaitia ngozi mpya mwenyewe. Tutazima stima tuiwashe usiku mmoja, na mtoto wako akae karibu aone uzi ukiungua. Mshike mikono tu.

Mama yako