Mstari Mwekundu na Mstari wa Kijani

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana niliyemfundisha takwimu alipokuwa mwaka wa kwanza. "Shikamoo Mwalimu," aliandika, kisha akanieleza kwamba amehitimu, ingawa katika fani nyingine, na kwamba sasa anaweza kuniambia jambo lililomshinda kulisema wakati ule: macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Ujumbe ulikuwa wa heshima tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakunilaumu popote, na nadhani hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilimkumbuka mara moja. Katika mtihani wa mwisho wa muhula nilikuwa nimeweka grafu yenye mistari miwili, mmoja mwekundu na mwingine wa kijani, na swali la alama 20 lililowataka watahiniwa wailinganishe. Kijana huyo aliinua mkono akaniuliza mstari upi ni upi. Nami, nikidhani anatafuta jibu kwa ujanja, nikamwambia mbele ya ukumbi mzima asome swali. Akainama, akaliacha swali lote wazi, akafeli kwa alama chache ambazo swali hilo peke yake lingezifidia. Muhula uliofuata sikumwona tena, na nakiri kwamba sikuuliza alikokwenda.

Mwalimu wa takwimu alipaswa kuijua hesabu hii kuliko wengine. Kwa kawaida hali hiyo ya kutotofautisha nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini hufikia karibu 1 kati ya 12, na ingawa kwingineko kiwango huwa cha chini, ni nadra ukumbi wenye mamia ya wanafunzi kukosa hata mmoja. Ningeuchora mstari mmoja kwa nukta nukta, mambo yangekwisha.

Wahadhiri wenzangu, tunapenda kuamini kwamba mwanafunzi mwenye shida atasema. Hasemi. Ama hajui kwamba shida yake inastahili kusemwa, ama alikwisha kuisema mahali fulani akafokewa, kama nilivyomfokea huyu. Kwa hiyo tuanze sisi kuuliza, tena mapema, kabla ya jaribio la kwanza.

Mimi mwenyewe sikujifunza hili kwa hiari. Mwaka uliofuata mtihani ule, mwanafunzi asiyejulikana aliandika katika fomu ya tathmini: "Mwalimu huyu anafundisha watu watatu wa mbele." Nilikuwa na miaka 11 kazini na sifa ya kueleweka, na sentensi hiyo iliniuma kiasi kwamba hadi leo naweza kuuchora ule mwandiko. Lakini ilikuwa kweli. Tangu hapo, katika juma la kwanza, huwagawia wanafunzi vikaratasi vyenye swali moja tu: ni jambo gani ambalo nikilijua sasa litakusaidia kulisoma somo hili? Anayetaka huandika jina, asiyetaka huacha. Nimewahi kumpata anayesikia kwa sikio moja na kwa hiyo hulazimika kuketi upande fulani, anayefanya kazi usiku na kuingia mhadhara wa asubuhi bila kulala, mama anayenyonyesha, na wengi, wengi mno, ambao hisabati waliiacha zamani na wanaogopa kuonekana wajinga. Hawa wa mwisho huhitaji mazoezi ya marudio na mwalimu asiyecheka swali lao. Wale wengine mara nyingi huhitaji tu maelezo ya mhadhara yatolewe siku moja kabla.

Yapo pia yasiyo ya kwetu kuyatatua. Kuna binti aliyenieleza kwamba halali wala hali, nami kwa kujiona mzazi nikamshauri kwa majuma mengi ofisini kwangu, huku hali yake ikizidi kuwa mbaya. Sasa humsikiliza mwanafunzi wa namna hiyo hadi mwisho, kisha namsindikiza mwenyewe hadi kitengo cha ushauri nasaha, kwa sababu kumwelekeza njia kwa kidole hakutoshi.

Wako wenzangu wanaosema kwamba kumwongezea muda wa mtihani mwanafunzi mwenye ulemavu ni upendeleo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unaitaja elimu ya juu waziwazi na kuzitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba marekebisho yanayofaa yanatolewa. Hiyo ni haki. Anayeiita hisani ajiulize angejisikiaje kupimwa kwa maandishi asiyoweza kuyasoma, halafu aambiwe asome swali.

Nilimjibu kijana kwa kumwomba radhi, bila visingizio, nikamwambatishia maelezo ya mhadhara wangu wa kwanza wa muhula huu ili aone jinsi nilivyobadilika. Nilikuwa na fahari kidogo, sitaficha. Jibu lake lilikuja usiku uleule: alishukuru, akasema mistari inasomeka vizuri, ila katika grafu ya tatu bado haoni sehemu ya kahawia inaishia wapi na ya kijani inaanzia wapi.