Adesi zako hazikuharibika

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeniuliza mbona adesi ulizopika jana zimerojeka zikawa kama uji, na zangu husimama punje punje. Picha nimeiona, nikacheka. Hukukosea jikoni, ulikosea dukani.

Ulizonunua ni nyekundu. Ni adesi zilezile, ila zimemenywa ganda na kupasuliwa, basi dakika 20 tu zishavurugika. Zangu ni za kahawia, na ganda lake. Hazihitaji kulowekwa usiku kucha kama maharage. Nusu saa motoni, pengine dakika 40, zimeiva. Nyanya na ndimu natia baadaye, maana ukali ukitangulia ganda hukaza, utachemsha mpaka gesi ikuishie. Tui jepesi huiva nazo, tui zito mwisho, moto mdogo, bila kufunika. Hilo tui la kopo ligawe mara mbili, nusu ulizimue kwa maji.

Hizo nyekundu usizitupe. Mwombe yule dada wa Kihabeshi unayekaa naye akufundishe misir wot, mchuzi wao wa adesi. Wao hutaka zirojeke! Vitunguu maji vingi, vimekatwa vidogo vidogo, huvikaanga kwanza sufuria kavu mpaka vilainike, ndipo mafuta na berbere, ile pilipili yao ya kusaga yenye viungo, halafu adesi. Waorthodoksi wao hufunga nyama, maziwa na mayai Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo chakula hiki wamekipika mpaka wamekijua. Kula na injera, ule mkate wao laini mchachu, usiniambie umekula na mkate wa slesi.

Nilipokuwa Muscat nilifanya kazi na mpishi wa Kimisri. Akipika kushari, adesi za kahawia huzichemsha peke yake, kisha ndiyo azichanganye na wali na makaroni, juu rojo ya nyanya, siki yenye thomu, na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Siku moja niliziacha motoni zikapitiliza kidogo. Akazisukuma kando, akaniambia hizo fanya shorba, yaani supu. Tukafuturu nayo, na bizari nyembamba na ndimu, wala hakuna aliyelalamika.

Sasa majina. Ukimwambia Mnairobi "ndengu" atakupa choroko. Adesi wao wanaziita kamande. Huku kwetu dengu ni zile tunazotengenezea bajia. Kwa hiyo hapo duka la Wahindi uliza masoor nzima, ndivyo wanavyoziita adesi, na uangalie ganda kabla ya kulipa.

Vitunguu kaanga vingi kuliko unavyodhani. Husinyaa.

Mama